Shamba la Babu na Fungu la Shangazi: Kujitegemea kwa Kilimo katika Mizani ya Sheria

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila muhula unapokaribia kwisha mazungumzo yetu baada ya swala ya Isha hurudi palepale: tukimaliza, kazi iko wapi? Siku hizi jibu moja linasikika sana, "Nitarudi kijijini nilime, nijitegemee." Ni jibu zuri. Lakini wengi wetu hulisema kana kwamba shamba ni mahali pa kuwakimbia watu: pasipo bosi, pasipo deni, pasipo kumhitaji yeyote. Somo hili linataka kuonyesha kwamba katika sheria yetu kujitegemea huanza na swali jingine kabisa: ardhi hii ni ya nani, na ni nani wenye haki katika kitakachoota juu yake? Nitalieleza kwa dalili, kisha kwa mfano wa familia yangu iliyohama Buyenzi, Bujumbura, ikaenda kulima Rumonge.

1. Kilimo katika dalili

Katika Suratul-Waaqi'a, aya ya 63 mpaka 65, Mwenyezi Mungu anatutaka tuitazame mbegu tunayoipanda na tujiulize ni nani hasa anayeiotesha, kwani angetaka angeifanya makapi makavu. Mkulima Muislamu anaanzia hapo. Anafukua, anapanda, anapalilia, lakini anajua kuotesha si kazi yake.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, Anas (r.a.) amepokea kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Al-Miqdam (r.a.) naye amepokea, kwa Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Na tunajua kutoka hadithi nyingine kwamba mkono unaotoa umefadhilishwa juu ya mkono unaopokea.

Wapo wanaoogopa kuweka akiba ya chakula wakidhani ni upungufu wa kutawakali. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza mitende ya Banu Nadhir na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Kilichokatazwa ni kuhodhi, yaani kuficha chakula ili watu wahangaike na bei ipande. Ghala la familia na ghala la mhodhi yanaweza kufanana kwa macho. Tofauti iko kwenye nia na kwenye mlango: la kwanza hufunguliwa jirani anapopungukiwa.

Hata hivyo Imam Bukhari, katika kitabu cha kilimo ndani ya Sahihi yake, baada ya mlango wa fadhila za kupanda ameweka mlango wa kuhadharisha juu ya kushughulishwa na zana za kilimo na kuvuka mpaka ulioamrishwa. Maana yake ni kwamba jembe lenyewe halina lawama. Lawama ipo pale jembe linapomsahaulisha mtu wajibu wake, iwe ni swala, elimu, au haki za watu. Hili la haki za watu ndilo nitakalolikazia.

2. Kabla ya jembe: mirathi

Babu yangu alifariki akaacha shamba la ari 160 huko Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 70 kusini ya Bujumbura. Kwa asiyezoea kipimo hiki, ari moja ni mita 10 kwa 10, na ari 100 ni hekta moja. Kwa Burundi, ambako familia nyingi hazina hata hekta moja, hilo si shamba dogo.

Wakati huo Baba alikuwa dereva wa teksi mjini. Petroli ilipoanza kuadimika, siku nzima iliweza kuishia kwenye foleni ya kituo cha mafuta, na jioni hakuna cha kuleta nyumbani. Kodi ya nyumba haikusubiri. Ndipo yeye na Mama wakaanza kuzungumza juu ya Rumonge.

Warithi walikuwa sita: Bibi, Baba Mkubwa, Baba, na mashangazi watatu. Baba Mkubwa akapendekeza shamba ligawiwe nusu kwa nusu baina yake na Baba. Hoja yake ni ile inayosikika milimani kote kwetu, ambako ardhi hurithishwa kwa mila na mila humpa mtoto wa kiume: "Dada zetu wameolewa, wanakula kwa waume zao." Ukweli ni kwamba hesabu hiyo ilimfaa Baba pia. Ari 80 zingemtosha kuanza maisha bila kumwomba mtu kitu.

Aliyesimama kati alikuwa Bibi. Alisema, "Sitaki kula mhogo ulioota kwenye haki ya binti zangu." Kisha akataka aitwe sheikh wa mtaa.

Tuifuate hesabu, kwa sababu ni zoezi zuri la faraidhi. Suratun-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la wanaume na fungu la wanawake katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 11 imeweka fungu la mtoto wa kiume kuwa sawa na mafungu ya mabinti wawili. Aya ya 12 imempa mke thumni, yaani moja ya nane, mume anapoacha watoto. Babu hakuacha deni wala wasia, kwa hiyo:

Bibi: thumni ya ari 160, sawa na ari 20.
Zilizobaki: ari 140, zinagawiwa mafungu 7 (wana wawili mafungu 4, mabinti watatu mafungu 3).
Kila fungu: ari 20.
Baba Mkubwa ari 40, Baba ari 40, kila shangazi ari 20.

Jumla ni ari 160. Sheikh aliandika karatasi, warithi wote wakatia saini, na mipaka ikapelekwa ofisi ya ardhi ya komini ili kila mmoja awe na cheti chake. Baba Mkubwa alinyamaza kwa miezi kadhaa, kisha akaja mwenyewe kuweka jiwe la mpaka pamoja na dada yake. Aya ya 13 na ya 14 za sura hiyohiyo zimeiita migawo hii mipaka ya Mwenyezi Mungu. Sisi tunaosoma Islamic Studies tunazihifadhi kwa ajili ya mtihani. Uzito wake utauona siku uliposimama shambani na kamba mkononi.

Ningependa pia niseme neno kwa anayetaka kununua ardhi badala ya kurithi. Rumonge ni moja ya sehemu ambazo watu walikimbia mwaka 1972, mashamba yao yakachukuliwa au yakagawiwa wengine, na wenyewe au watoto wao wakarudi baada ya miaka mingi. Pande zote mbili kuna watu wenye machungu ya kweli. Kwa hiyo karatasi ya mauziano peke yake haitoshi. Uliza wazee: kabla ya huyu anayeniuzia, hapa palikuwa pa nani? Hadithi ya kwamba mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba imo katika Bukhari na Muslim. Hakuna mboji inayoweza kuirutubisha ardhi ya namna hiyo.

3. Baada ya kugawa: kulima pamoja

Hapa ndipo watu huuliza: tukigawa hivi kila kizazi, si tutabaki na vipande visivyolimika? Swali ni la haki. Lakini jibu halikuwa kuwanyang'anya mashangazi. Sheria inatenganisha kumiliki na kulima: wamiliki wanaweza kuwa wengi na shamba likalimwa kama moja.

Shangazi mmoja anaishi Rumonge, akaamua kulima ari 20 zake mwenyewe. Wawili wengine, mmoja Bujumbura na mmoja Uvira, hawakuwa na nafasi ya kulima. Wakakubaliana na Baba mkataba wa muzaraa: ardhi yao, mbegu na kazi zake, na wao wapate theluthi ya mavuno ya ari 40 zao. Ukijumlisha ari 40 za Baba na ari 20 za Bibi, Baba analima ari 100, hekta moja kamili. Ni zaidi ya zile ari 80 ambazo angepata kwa kuwadhulumu dada zake.

Juu ya muzaraa wanazuoni wamehitilafiana. Imam Abu Hanifa hakuiruhusu. Imam Shafi, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, hakuiruhusu ikisimama peke yake, ila inapofuatana na musaqati, yaani mkataba wa kutunza miti kwa fungu la matunda. Wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, pamoja na Imam Ahmad wameiruhusu, na Imam Nawawi miongoni mwa Mashafi ameelekea huko. Dalili yao kubwa ni kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaachia watu wa Khaybar ardhi ile waifanyie kazi kwa nusu ya mazao yake.

Sharti lake kuu mlishike vizuri. Fungu liwe sehemu ya mavuno yote: nusu, theluthi, robo. Haifai kusema, "Magunia mawili ni yangu, litakalobaki ni lako," wala, "Mazao ya upande wa mtoni ni yangu." Rafi bin Khadij (r.a.) ameeleza kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba namna hiyo, sehemu moja ikaota na nyingine ikafa, nao wakakatazwa. Mwaka wa pili viwavijeshi walikula mahindi yetu mengi. Kama mkataba ungekuwa wa magunia maalumu, Baba angekuwa na deni kwa dada zake. Kwa kuwa ulikuwa wa theluthi, hasara iligawanyika kama faida inavyogawanyika, na simu ya Uvira ikawa ya kupeana pole.

4. Nyumba ilihama vipi

Hawakuhama kwa siku moja. Msimu wa kwanza Baba alikwenda peke yake, akalala kwa Bibi, na Mama akabaki Buyenzi akiuza sambusa na maandazi. Teksi iliuzwa. Nusu ya pesa ilinunua mbegu, majembe, mabati na mbuzi wanne. Nusu nyingine haikuguswa ikawa ya karo na dawa. Familia nzima ilihama baada ya mavuno ya pili, ghala lilipokuwa na chakula cha miezi minne.

Mpango wa shamba ulifuata muda wa kila zao. Maharage huvunwa ndani ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo yalipandwa kwanza, pamoja na mahindi, mvua za mwezi wa tisa zilipoanza. Muhogo huchukua mwaka au zaidi, lakini hukaa ardhini ukisubiri njaa, na majani yake ndiyo sombe ya kila wiki. Migomba ilizungushwa karibu na nyumba, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Michikichi michache ilipandwa mpakani. Hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na mwaka huu ndiyo kwanza tumekula mawese ya miti yetu wenyewe.

Mbuzi hufungiwa zizini wakakatiwa majani. Kwenye mteremko ilichimbwa mitaro ya kukinga maji, na juu ya kingo zake yakapandwa matete. Matete huzuia udongo usiteremke ziwani, kisha hukatwa kuwa chakula cha mbuzi. Samadi ya mbuzi hurudi kwenye migomba na mboga. Kwa njia hiyo kinachotoka shambani kwa upande mmoja kinarudi kwa mwingine, na gharama ya mbolea ya dukani imepungua sana.

Kazi kubwa ya kila siku ni ya Mama: maji, bustani ya lengalenga na biringanya, kuanika, kuhifadhi. Nawakumbusha ndugu zangu wanaume hadithi ya Asma binti Abubakar (r.a.) katika Bukhari. Zubayr (r.a.) alipomuoa hakuwa na mali ya maana ila farasi na ngamia. Asma akamlisha farasi, akateka maji, akakanda unga, na akabeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe, mwendo wa theluthi mbili za farsakhi. Ukisema "nitarudi kijijini nilime", jiulize kwanza ni nani atakayebeba nusu ya sentensi hiyo kichwani, na kama umemshauri.

Sasa tuseme ukweli juu ya neno kujitegemea. Chakula kingi tunacholima tunakila, na hatununui mahindi, maharage, muhogo, ndizi wala mboga. Lakini chumvi tunanunua. Sukari, mafuta ya taa, dawa, nguo na madaftari tunanunua. Ndagala tunanunua kwa wavuvi, au tunabadilishana nao kwa ndizi. Na karo yangu hutoka kwenye mbuzi wanaouzwa kabla ya Iddi ya kuchinja. Familia haikufika mahali pa kutomhitaji mtu. Imefika mahali ambapo petroli ikikosekana wiki mbili, watoto wanakula, na anayebisha hodi hatoki mikono mitupu. Kwangu mimi hicho ndicho kiasi cha kujitegemea ambacho dini imetuhimiza.

5. Siku ya mavuno

Suratul-An'aam, aya ya 141, inatuamrisha kutoa haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake na kutofanya israfu. Kanuni za zaka ya mazao kwa ufupi ni hizi:

Kwanza, nisabu ni wasaki 5. Wasaki moja ni pishi 60, kwa hiyo nisabu ni pishi 300, ambazo wanazuoni wengi wa sasa hukadiria kuwa karibu kilo 650.

Pili, kilichonyweshwa na mvua au mto bila gharama hutolewa moja ya kumi. Kilichonyweshwa kwa taabu, kama pampu au ndoo, hutolewa nusu ya moja ya kumi.

Tatu, katika madhehebu ya Shafi zaka ipo kwenye vyakula vikuu vinavyohifadhika, kama mahindi, mpunga na maharage, pamoja na tende na zabibu. Mboga na ndizi hazimo. Kila aina huhesabiwa peke yake, na mavuno ya aina moja yanayoangukia mwaka mmoja hujumlishwa. Imam Abu Hanifa yeye hakuweka nisabu, na ameyaingiza karibu mazao yote.

Mwaka jana mahindi ya misimu miwili kwenye ari zote 100 yalifika kilo 790. Je, zaka ilikuwepo? Ukitazama jumla, nisabu imefika. Ukigawa baina ya Baba, Bibi na mashangazi, fungu la kila mmoja halikufika. Kwa Imam Malik, kila mshirika lazima afikie nisabu kwa fungu lake. Kwa kauli yenye nguvu kwa Mashafi, mali iliyochanganyika huhesabiwa kama ya mtu mmoja, hata katika mazao. Familia ilifuata kauli ya pili: moja ya kumi, kilo 79. Zilikwenda kwa wazee wawili wasio na watoto na kwa familia moja iliyorudi kutoka ukimbizini. Mbuzi hawakuwa na zaka, kwani hawajafika 40, na isitoshe hulishwa zizini.

Wenzetu wa Rwanda wanaujua mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006: familia maskini hupewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani aliye na haja. Huo si zaka, lakini tuna cha kujifunza: anayesaidiwa leo ahesabiwe kuwa mtoaji wa kesho. Baba alimpa mtoto mmoja wa mbuzi jirani huyo aliyerudi, kwa makubaliano kwamba mzao wa kwanza jike aende kwa mwingine. Mwezi uliopita ameshakwenda.

6. Maswali ya darasa duara

Kwa ajili ya mjadala wa Ijumaa, nawaachia haya:

a) Bibi anataka ari 20 zake ziwe waqfu kwa ajili ya madrasa. Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alielekezwa azuie asili yake, isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Je, Bibi akiiweka waqfu sasa akiwa mzima, hukumu yake inatofautiana vipi na akiacha wasia? Theluthi inaingia wapi?

b) Shangazi wa Uvira akitaka kuuza ari zake, ni nani mwenye haki ya kwanza ya kununua? Rejeeni mlango wa shufaa, na mwangalie tofauti ya mshirika na jirani.

c) Nyumbani kwenu, shamba la babu liligawiwa vipi? Mashangazi walipata? Kama hawakupata, ni nani katika familia anayeweza kulianzisha jambo hilo kwa hekima, na je, si wewe unayesoma faraidhi?

Swali la tatu ndilo gumu, na si lazima ulijibu mbele ya watu. Lakini lijibu kabla hujanunua jembe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie ardhi zetu, atutosheleze kwa halali na haramu isituguse, na aifanye mikono yetu iwe ya kutoa. Wallahu a'lam.